Tukaze Uzi wa Ufito wa Kuvulia

Wengi wetu tunaovua kwa ndoana, ziwani upande wa Geita au kwenye malambo ya Shinyanga, tunatumia ufito wa mwanzi. Mwanzi ukipata ufa tunaufunga kwa uzi. Lakini uzi ukilegea, ufa unazidi. Kambale mkubwa akivuta, ufito unavunjika. Samaki kaenda, na ndoana kaenda nayo.

Dawa ni kukaza uzi sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Tazameni cherehani ya fundi: uzi unapita kati ya visahani viwili vinavyobanwa na springi. Na sisi tufanye hivyo.

1. Toboa ubao. Pitisha bolti nyembamba kutoka chini.
2. Vika bolti washa mbili, halafu springi ndogo, halafu nati. Washa zenye makali zitakata uzi, kwa hiyo zisugue kwa msasa.
3. Pigilia msumari nyuma ya bolti. Hapo vika uzi wako, uzunguke bila kukwama.
4. Pitisha uzi kati ya washa, uvute. Ukija ovyo, kaza nati. Ukikatika, legeza.

Sasa kanyaga ubao usihame. Laza ncha ya uzi kwenye mwanzi, uifunike kwa mizunguko ya kwanza. Zungusha ufito, siyo uzi. Mizunguko ilale ubavu kwa ubavu, ipite ufa wote. Ukimaliza, funga imara, upake vanishi maji yasiingie.

Huna bolti? Pitisha uzi katikati ya kitabu kinene, uweke jiwe juu. Kitabu nacho kitakusaidia kuvua!