Milimita Chache Zinazoharibu Giaboksi

Fundi amemaliza kazi ngumu. Giaboksi ya otomatiki ya Toyota Mark II ya miaka ya 1990 imefunguliwa, sahani zilizoungua zimetupwa, sili mpya zimewekwa. Imerudishwa chini ya gari, bolti zimekazwa, stata inapigwa. Injini inawaka, lakini gari halisogei mbele wala nyuma, na chini unasikika mlio wa chuma kusaga chuma. Gereji nyingi zinaukumbuka mlio huo, na mara nyingi chanzo chake ni toki konveta ambayo haikuingia mpaka mwisho.

Toki konveta ni lile dude la chuma la mviringo linalokaa kati ya injini na giaboksi, mahali ambapo gari la manyuo lina klachi. Ndani yake mna oili na mapanga yanayotazamana, kama feni mbili: moja ikizungushwa na injini, oili inayosukumwa nayo huizungusha ya pili. Katikati kuna mapanga ya tatu yanayorudisha oili kwa pembe nzuri, na ndiyo yanayoongeza nguvu gari linapoondoka. Mjerumani Hermann Föttinger aliubuni mtambo huu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya meli. Huko Marekani, Buick iliuingiza kwenye magari ya kawaida mwaka 1948.

Kwenye giaboksi nyingi za zamani, konveta inashika sehemu tatu: meno ya shafti inayopeleka nguvu ndani, meno ya bomba linaloshikilia mapanga ya katikati, na gia ya pampu ya oili. Hiyo ya tatu ndiyo inayosumbua. Fundi huisukuma konveta huku akiizungusha taratibu, nayo hudumbukia kwa hatua. Akiridhika na hatua ya pili, kwa macho itaonekana imekaa, kumbe imebaki nje kidogo. Kisha giaboksi inapogoma kugusana na injini, anaivuta kwa bolti. Hapo konveta inabanwa dhidi ya pampu, na pampu inavunjika kabla gari halijatembea hata hatua moja.

Dawa yake ni rula na subira. Rula iliyonyooka hulazwa kwenye mdomo wa giaboksi, kisha hupimwa konveta imezama kiasi gani. Kitabu cha ufundi cha gari husika hutaja kipimo. Giaboksi inapaswa kukutana na injini kwa kusukumwa kwa mikono tu. Ikishafungwa, konveta iweze bado kuzunguka kwa mkono na ibaki na upenyo mdogo kabla ya kufungwa kwenye bamba la flaiwili. Kwa giaboksi ya Kimarekani TH350, iliyoanza kutumika mwaka 1969, upenyo huo ni takriban milimita 3 hadi 5. Upenyo usipokuwepo, giaboksi ishushwe tena. Inachosha, ndiyo, lakini hakuna njia ya mkato.

Kuna jambo jingine linalopuuzwa: uchafu. Giaboksi iliyoungua hujaza konveta na mabaki ya sahani, na kwa kuwa konveta imechomelewa, kuisuuza kwa petroli hakuitoi takataka yote. Ni bora ibadilishwe au ipasuliwe na kujengwa upya na mtaalamu. Mabomba ya kupoozea oili yanayopita kwenye rejeta nayo yasafishwe. Kabla ya kufungwa, konveta itiwe oili, na shingo yake ipakwe oili ili isichane sili. Mwisho, kwenye Toyota hizi, oili hupimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia zote zikiwa zimepitiwa na mkono wa gia umerudishwa kwenye P.

Mwenye gari, siku giaboksi inaporudishwa, nenda gereji. Muulize fundi, kabla hajakaza bolti ya kwanza, konveta imezama milimita ngapi, na umwombe aizungushe kwa mkono mbele yako.