Nani anarudi? Hesabu inayoamua msimu wa soka katika vyuo vya Meru na Embu

SEPTEMBA ikifika, stori za boli kwenye mesi za vyuo huwa ni za mafresha tu. Kuna straika ameingia, ati kule shuleni kwao makipa wakimwona walianza kuumwa na tumbo. Kuna winga wa mguu wa kushoto ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza, lakini kila mtu ana habari zake. Swali ambalo kocha amekuwa akiliwaza tangu likizo halitajwi na yeyote: kati ya wale waliocheza mwaka jana, nani anarudi?

Kwa vyuo vya Meru na Embu, swali hilo lina uzito kuliko straika yeyote mpya, na ukitaka kujua kwa nini, anza na hesabu. Chukua kikosi cha wachezaji 24 katika Chuo Kikuu cha Embu, au kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, MUST, pale Nchiru. Kozi nyingi ni za miaka 4. Kama wachezaji wangegawanyika sawa kwa kila mwaka wa masomo, 6 wangeondoka kila msimu. Si mbaya sana. Shida ni kwamba hawagawanyiki sawa uwanjani. Wa mwaka wa kwanza wanabeba chupa za maji, wa mwaka wa tatu na wa nne ndio wanaanza. Kwa hivyo wale 6 wakivaa joho, huenda 4 au 5 kati yao wametoka kwenye kikosi cha kwanza, na mara nyingi ni uti wa mgongo wenyewe: kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji.

Vyuo vya ualimu vimeishi na hesabu kali zaidi. Enzi za cheti cha P1, kozi ilikuwa ya miaka 2. Timu ya Egoji upande wa Meru au ya Kigari upande wa Embu ilipoteza nusu ya watu wake kila mwaka, na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa imeanza kuelewana. Kocha alikuwa kama mama mwenye mkahawa ambaye kila Januari anafunza wapishi wapya kukoroga chai ileile. Tangu 2021 stashahada ya ualimu wa shule za msingi inachukua miaka 3, kwa hivyo sasa anayeondoka ni mmoja kati ya watatu. Wanafunzi wa KMTC, ambayo ina kampasi Meru na Embu, nao husoma stashahada kwa miaka 3, ila wao wana zamu za hospitalini, na wodi haijui kama Jumamosi kuna mechi.

Halafu kuna suala la nani anajaza mapengo. Kocha wa chuo kikuu cha umma hachagui. KUCCPS inampeleka mwanafunzi chuoni kwa alama za KCSE na kozi aliyoomba, haimuulizi anacheza namba ngapi. Mwaka mmoja unaweza kuletewa mabeki 3 wa kushoto na usipate kipa hata mmoja. Tena huyo fresha alimaliza KCSE Novemba, akaripoti chuoni Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Hapo katikati kuna miezi 9 au 10. Wengine wameimaliza wakicheza ligi za mtaani, wengine wameimaliza wakiuza duka la mjomba. Siku ya majaribio wote wanakuja na sifa zao za shule, lakini mapafu hayafanani.

Linganisha na Marekani, ambako futiboli ya vyuo, ile ya mpira wenye umbo la yai, ni biashara kubwa ajabu. Huko wachambuzi huketi kabla ya msimu na kuhesabu ni kiasi gani cha kazi ya mwaka uliopita kinarudi: yadi ngapi, pasi ngapi, mikabilio mingapi. Wana sababu. Chuo cha LSU kilishinda mechi zote 15 za msimu wa 2019 na kutwaa ubingwa wa taifa Januari 2020. Miezi michache baadaye wachezaji wake 14 walichukuliwa na klabu za NFL, akiwemo kwotabeki Joe Burrow aliyechaguliwa wa kwanza kabisa. Msimu uliofuata, kocha akiwa yuleyule na jezi zilezile, LSU ilishinda mechi 5 na kupoteza 5. Na hao wanatafuta vijana nchi nzima kwa basari, na tangu 2018 wana mfumo wa mtandaoni unaomwezesha mchezaji kuhamia chuo kingine kirahisi. Kwetu hakuna msee wa mwaka wa tatu anayehama Chuka kwenda Embu kwa sababu kuna nafasi ya beki wa kati.

Lakini uzoefu wenyewe ni nini? Wengi wanadhani ni miaka. Mtu amekaa timuni misimu 3, basi ni mzoefu. Sikubaliani kabisa. Kuna watu wamekaa misimu 3 wakirudia kosa lilelile. Uzoefu unaofaa timu ni ule wa watu wawili au watatu kwa pamoja: kipa anayejua kwamba beki wake akibanwa atarudisha mpira kwa mguu wa kulia, kiungo anayejua winga wake hukimbia kabla ya kuinua kichwa. Mambo hayo hayaandikwi popote. Yanakaa kwa watu, na mmoja akiondoka nusu ya maarifa inakwenda naye. Ndiyo maana kupoteza mabeki wote wawili wa kati kwa mkupuo mmoja ni balaa kuliko kupoteza wachezaji 3 wa nafasi tofauti.

Kuna pia uzoefu wa mahali. Mvua za Oktoba na Novemba zikishuka upande huu wa mashariki ya Mlima Kenya, udongo mwekundu hugeuka sabuni. Aliyecheza hapo mwaka jana anajua pasi ndefu ya chini itakwama, anajua daruga gani avae na kona gani ya uwanja isichezewe mchezo. Fresha anajifunza kwa kuteleza mbele ya mashabiki. Na safari je? Barabara ya Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu ni zaidi ya kilomita 100 za kona, miteremko na madaraja. Mtu akishuka basini kichwa kikimzunguka na mechi inaanza baada ya saa moja, utamjua mgeni ni nani.

Mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza hapa watanikumbusha Manchester United ya 1995. Kweli, kiangazi cha mwaka huo timu iliuza Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis, ikaingiza vijana, ikapigwa 3-1 na Aston Villa katika mechi ya kwanza, na mchambuzi Alan Hansen akasema kwenye BBC kwamba kwa watoto hushindi kitu. Wakashinda ligi na Kombe la FA. Hadithi hiyo husimuliwa kama ushindi wa vijana. Tazama basi nani walikuwa nyuma ya vijana hao: Peter Schmeichel golini, Steve Bruce, Gary Pallister na Denis Irwin kwenye ulinzi, Roy Keane katikati, halafu Oktoba akarudi Eric Cantona baada ya kutumikia marufuku. David Beckham na Paul Scholes walijifunza wakiwa wamezungukwa na watu waliokwisha kushinda ligi. Kikosi cha chuo kinachopoteza kipa na mabeki wake hakina mazingira hayo, hata kikipata Scholes wake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, na halihusu kufuzu. Mchezaji wa mwaka wa pili ambaye unamhesabu kwamba anarudi, anaweza asirudi. Karo imekwama. Mkopo wa HELB umechelewa, au umetoka kidogo, na nyumbani hakuna cha kuongeza. Anaahirisha muhula, anaenda kufanya kibarua, anasema atarejea Januari. Kwenye orodha ya kocha ameandikwa yupo. Wa mwaka wa tatu naye ameenda atachi kuanzia Mei hadi Agosti, pengine Nairobi au Mombasa, na ofisi ikampenda ikamwambia abaki kidogo. Anarudi wiki ya tano ya muhula, kilo zimeongezeka, CAT zinamsubiri. Huyu ndiye mzoefu mnayemtegemea.

Ratiba yenyewe nayo hukatika. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na waliokuwa mwaka wa nne wakamaliza masomo bila msimu wa mwisho. Hawakupata nafasi ya kumkabidhi mtu chochote. Mgomo wa wahadhiri wa Septemba hadi Novemba 2025 uliangukia wiki zilezile ambazo wakongwe na mafresha hukutana uwanjani kwa mara ya kwanza. Ukitazama mechi na kushangaa kwa nini timu haielewani, wakati mwingine jibu liko kwenye kalenda ya chuo.

Timu za akina dada huumia mapema zaidi, kwa sababu wasichana waliocheza soka sekondari na wakaendelea chuoni ni wachache. Timu ya wanaume ikipoteza watu 6 inafanya majaribio na watu wengi wanajitokeza. Ya wanawake ikipoteza 3 inaweza kulazimika kumpeleka winga acheze ulinzi. Ndiyo maana hatua ya Chuo Kikuu cha Zetech kuwa na timu, Zetech Sparks, katika Ligi Kuu ya wanawake ina maana. Timu iliyosajiliwa katika ligi za FKF hailazimiki kumuaga mchezaji siku anapofuzu, na msichana wa sekondari anaona kuna mahali pa kwenda. MMUST ya Kakamega imepita njia hiyo kwa wanaume hadi ligi ya NSL. Kwenye michezo ya vyuo vikuu kwenyewe mlango ni mwembamba. Hata kimataifa, FISU inamruhusu aliyehitimu mwaka uliotangulia, mradi hajapita miaka 25.

Na hesabu inaelekea kubanwa tena. Mfumo wa 2-6-3-3-3 umetenga miaka 3 ya mwisho kwa elimu ya juu. Kundi la kwanza, lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026, litatarajiwa vyuoni 2029. Digrii zikiwa za miaka 3 kweli, chuo kikuu kitapoteza theluthi ya kikosi kila mwaka badala ya robo, kama vyuo vya ualimu vya leo. Kocha hatakuwa na anasa ya kumweka kipa kijana benchi misimu 2.

Kwa msimu huu, kama uko Nchiru, Kaaga au Kangaru na unataka kujua timu yenu itafika wapi, nenda utazame mazoezi hata siku moja. Mwache straika mpya na mabao yake. Subiri kona ipigwe langoni kwenu, usikilize ni nani anapiga kelele kupanga watu, na kama wale wanaopangwa wanasogea kabla hajamaliza kusema.