Bunduki Ijishindiliayo na Majina ya Nyongeza Zake

Bunduki iliingia katika Kiswahili pamoja na msamiati wake. Risasi ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini yenyewe; baruti nayo ilipokewa kutoka lugha hiyo hiyo. Kitako, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu. Mwenye gobore alijua pia mdeki, yaani ufito wa kushindilia baruti mtutuni. Kila jina lilitaja kitu kinachoonekana na kazi inayojulikana.

Hali si hiyo kwa silaha za leo. Chukua mfano wa AR-15 ya Marekani. Herufi AR si ufupisho wa maneno yenye maana ya bunduki ya mashambulizi, kama wengi wadhanivyo. Zatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni katika miaka ya 1950 na kuiuzia Colt haki zake mwaka 1959. Aina wauziwayo raia huitwa nusu-otomatiki, jina lisiloeleza ni nusu ipi. Ukweli ni kwamba gesi ya baruti husukuma mtambo nyuma, ganda hutupwa nje na risasi nyingine huingia, lakini kifyatulio sharti kivutwe upya kwa kila mlio. Kwa hiyo "bunduki ijishindiliayo" ni jina bora. Atakayepinga kwamba mdeki haupo tena akumbuke kuwa mzinga ulikuwa wa nyuki kabla haujawa wa vita.

Anunuaye bunduki hiyo hukabiliwa na nyongeza nyingi, na kanuni ya kuchagua ni moja: kwanza ijulikane kazi. Ukanda hutangulia, kwa kuwa huacha mikono huru na hugharimu kidogo. Kisha huja vyombo vya kulengea, navyo ni vya namna mbili. Darubini hukuza kilicho mbali, nayo humfaa mwindaji wa nyikani. Chombo cha nukta nyekundu, aghalabu, hakikuzi chochote. Humwonyesha mlengaji nukta ya mwanga ili alenge upesi kwa macho yote mawili wazi. Kukiita darubini ni kumpotosha msomaji; "kilengeo cha nukta" chatosha. Vyombo hivi hufungwa juu ya reli, ambayo vipimo vyake vilisanifishwa na jeshi la Marekani mwaka 1995. Reli ndefu hushawishi: hapa kurunzi, pale mpini wa mbele. Lakini bunduki tupu ina uzito wa takriban kilo 3, na kila nyongeza huulemea mkono.

Jina lenye hatari kuliko yote ni la kifaa kilichosajiliwa na Hiram Percy Maxim mwaka 1909, akakipa jina la Kiingereza lenye maana ya kinyamazishi. Hakinyamazishi. Mlio wa bunduki kama hiyo hufikia desibeli 160 au zaidi, na kifaa hupunguza kiasi cha 20 hadi 35. Masikio bado yahitaji kinga. Magazeti ya Kiswahili husema "kiwambo cha sauti", na hapo lugha yetu imesema kweli zaidi, kwani kiwambo hukinga tu.

Haya si mambo ya mapambo. Tangu 1986 sheria ya Marekani imewakataza raia bunduki mpya zimiminazo risasi mfululizo, huku ile ijishindiliayo ikiendelea kuuzwa. Mkalimani wa mahakamani akichanganya majina hayo mawili, atakuwa amemtwisha mshtakiwa kosa asilolitenda, au amemwondolea alilolitenda. Kabla ya kukopa jina jipya, basi, mtunga istilahi akishike kifaa na kuuliza: hiki chafanya nini? Jibu la swali hilo ndilo jina lake.