Sista Mkasi na Vidole Viwili

Kwa miaka kumi na saba sikuchana plasta kwa mkono. Wenzangu wodini walikuwa wanang'ata ncha kwa meno, chwaa, kidonda kimefungwa, wanasogea kitanda kingine. Mimi nilitembea na mkasi uliofungwa kwa uzi shingoni. Wakaniita Sista Mkasi, nami nikacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa naukimbia ule mlio.

Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 1,200 ilipata hitilafu kwenye mwinuko wa Igandu, huku kwetu Dodoma. Ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi, ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa ikija nyuma yake. Watu 281 walikufa. Maiti zililetwa mjini, zikalazwa kwenye uwanja wa michezo ili ndugu waje kuzitambua. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini. Nilikabidhiwa plasta pana nyeupe na makapeni: chana, andika namba, bandika. Chana, andika, bandika. Mpaka jua likazama, na kesho yake tena. Keshokutwa nikaingia zamu ya asubuhi kama kawaida.

Jirani yangu hapa Mkonze, mzee mwenye shamba la zabibu, alikuwa ndani ya treni hiyo, mabehewa ya mbele. Alitoka na mkono uliovunjika. Tangu hapo ni mtu wa basi. Hata mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma, wajukuu walimbembeleza wee, akawajibu, "Mimi na reli tulishaagana." Siku nilipomwambia kwamba nimetibiwa kwa kufuata vidole kwa macho, alinitazama kama mtu aliyeuziwa kiwanja hewa.

"Sista," akasema, "macho yanatibu nini?"

Ninayoandika hapa ndiyo niliyomjibu, kwa vipande, jioni kadhaa barazani kwake.

Faili lililobaki mezani

Kumbukumbu ya kawaida ni kama faili la mgonjwa aliyeruhusiwa. Limeandikwa tarehe, limefungwa, limepelekwa masjala. Ukilihitaji unalifuata. Kiwewe ni faili lililobaki wazi kwenye meza ya mapokezi. Tukio lilipotokea, hofu ilizidi, na tarehe ya kuruhusiwa haikuandikwa. Basi kila upepo ukipita, karatasi zinaruka: mlio, harufu, rangi fulani. Mwili nao haujui kuwa ni jambo la zamani. Moyo unakwenda mbio na jasho linatoka, kana kwamba ni leo.

Si kila aliyeona mabaya hubaki hivyo. Wengi hutulia wenyewe baada ya wiki kadhaa, wakizungukwa na watu wao. Lakini ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, kukwepa mahali au vitu, na hasira zisizo na kichwa wala miguu vikipita mwezi mmoja na kuvuruga kazi au nyumba, huo ni ugonjwa, na una tiba.

Tatizo ni kwamba hapa Dodoma ukitaja afya ya akili mtu anasikia neno moja tu: Mirembe. Hospitali hiyo ipo tangu 1927 na imewasaidia wengi, ila utani wa "utapelekwa Mirembe" umewafungia ndani watu wengi vilevile. Mimi muuguzi mwenyewe niliuogopa.

Kilichonisukuma ni Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipolipuka Morogoro na kuua watu zaidi ya mia moja. Niliona picha kwenye televisheni. Usiku ule nikasikia plasta ikichanika chumbani kwangu, chumba kisicho na plasta. Nikaomba likizo, nikashuka Dar es Salaam kwa mwanasaikolojia niliyeelekezwa na rafiki. Alikuwa amejifunzia tiba hii Nairobi, na wataalamu huiita kwa herufi zake za Kiingereza, EMDR.

Kwenye kile kiti

Vikao viwili vya mwanzo havikuwa na vidole. Aliniuliza historia yangu, usingizi wangu, nani yupo nyumbani nikitoka pale. Akanifundisha kutulia kwa kuwaza mahali salama. Nikachagua shamba la jirani yangu wakati zabibu zimeiva. Tiba hii ina hatua nane, na hizi za maandalizi hazirukwi. Huwezi kufungua kidonda kabla ya kuandaa vifaa.

Kikao cha tatu akaniomba picha moja iliyo mbaya kuliko zote. Nikachagua mkono wangu mwenyewe umeshika plasta. Picha hiyo inakwambia nini juu yako? Nikasema kitu ambacho sikuwahi kumwambia hata mume wangu: "Niliwageuza watu kuwa namba." Kutoka sifuri hadi kumi, inauma kiasi gani? Tisa. Unaisikia wapi mwilini? Kooni.

Ndipo akainua vidole viwili mbele ya uso wangu, akavipeleka kushoto na kulia. Mimi nafuata kwa macho, kichwa kimetulia, picha ile nimeishikilia akilini. Kama nusu dakika hivi. Anasimama, navuta pumzi. "Nini kimekuja?" Najibu maneno mawili matatu, anaendelea. Hakunitaka nisimulie yote, na kwa sisi tuliolelewa kumeza mambo, hilo lilikuwa nafuu kubwa.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi alipojitokeza mwanamke ambaye sikuwa nimemkumbuka kwa miaka yote ile. Alikuja uwanjani na kipande cha karatasi chenye namba niliyoiandika mimi. Kwa namba hiyo alimpata mwanawe, akaenda kumzika kwao. Kabla ya kuondoka alinishika mkono. Nililia kwenye kile kiti mpaka mtaalamu akanisogezea kanga yangu. Kikao kilichofuata niliulizwa tena picha ile inasema nini. Nikajibu, "Namba zilikuwa njia yao ya kurudi kwao." Baada ya vikao sita, tisa yangu ilikuwa moja.

Kwa nini macho?

Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa akitembea kwenye bustani huku ana mawazo yanayomsumbua, akagundua kwamba macho yake yakicheza huku na huku, mawazo yale yanapungua makali. Akafanya majaribio, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba hii kwenye mwongozo wake wa kutibu kiwewe, kwa watoto na watu wazima.

Maelezo yanayonikaa ni haya: meza ya akili ni ndogo. Ukishikilia picha mbaya huku macho yana kazi nyingine, vyote viwili vinagombania nafasi, na picha inarudi masjala imefifia. Watafiti wa Uholanzi waliona kwamba hata kuhesabu kwa kurudi nyuma huipunguza picha makali. Korea Kusini, mwaka 2019, wanasayansi waliwaonyesha panya wenye hofu taa inayokwenda kushoto na kulia, hofu ikapungua kwa muda mrefu, nao wakaonyesha njia yake ndani ya ubongo.

Wapo wataalamu wasiokubali. Wanasema kinachoponya ni kulikabili tukio ukiwa mahali salama, na vidole ni mapambo tu. Mabishano hayajaisha. Wala tiba hii si pekee: ipo ile ya mazungumzo, ya kulipitia tukio hatua kwa hatua na kurekebisha fikra, ambayo mwongozo uleule wa 2013 unaipendekeza pia. Kama karibu yako kuna mtaalamu wa hiyo, hujakosa kitu.

Namna nazo zinatofautiana. Huko Acapulco, Meksiko, baada ya kimbunga Pauline cha 1997, watoto walikuwa wengi kuliko wataalamu, wakafundishwa kukunja mikono kifuani na kujipigapiga mabegani kwa zamu, kulia, kushoto, kama kipepeo anayepiga mabawa. Mashariki mwa Kongo, wanawake waliobakwa wamewahi kutibiwa kwa njia hii katika vikundi.

Ila usimwombe shemeji akupungie vidole sebuleni. Faili likifunguliwa bila mtu wa kulifunga, hali yaweza kuwa mbaya zaidi. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uliza mtaalamu wa afya ya akili, kisha muulize amesomea tiba gani ya kiwewe.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akatema mbegu ya zabibu.

"Kwa hiyo umesahau?"

"Sijasahau, babu. Namba ya mwisho niliyoandika naijua hadi leo. Ila jana mjukuu wako alipojikata na kisu cha kupogolea, nilichana plasta kwa meno."

Akakaa kimya muda mrefu, akiusugua ule mkono uliovunjika.

"Huyo mtaalamu wako yuko Dar bado?"

"Yuko."

"Basi la kwanza linaondoka saa ngapi?"