Reli ya kamera yaweza kutengenezwa kwa mbao na mabomba ya dukani

Biashara ya kupiga picha za video za harusi, kipaimara na sherehe za kumuaga binti imekuwa na ushindani mkubwa katika miji midogo. Kamera zimeshuka bei, na simu nyingi zinarekodi picha safi. Mteja wa Njombe au Makambako hatafuti tena mtu mwenye kamera tu, bali anataka kanda inayofanana na filamu anazoziona kwenye runinga.

Kitu kimoja kinachotofautisha kanda ya kawaida na filamu ni picha inayotembea taratibu bila kutikisika. Picha hiyo hupatikana kwa kuweka kamera juu ya kigari kinachoteleza kwenye reli. Mbinu hiyo si ngeni. Mwongozaji wa Italia, Giovanni Pastrone, aliitumia katika filamu ya Cabiria iliyotoka mwaka 1914.

Reli za viwandani ni ghali kwa mjasiriamali mdogo. Hata hivyo, vifaa vingi vya kutengeneza reli ya nyumbani vinapatikana Njombe, mkoa unaosifika kwa mashamba ya mipaini, mikaratusi na miwati. Makambako, mji ulio umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Njombe, upo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, hivyo bidhaa za viwandani hufika kwa urahisi.

Vifaa vinavyohitajika

Bomba la plastiki la inchi moja na nusu lenye urefu wa mita 6 likikatwa katikati hutoa reli mbili za mita 3. Urefu huo unatosha kuonyesha maharusi wakiwa mezani au keki ikikatwa. Mabomba ya plastiki yanafaa kwa kamera na stendi yake tu. Kama mpiga picha atakaa juu ya kigari, atumie mabomba ya chuma.

Reli hizo hufungwa kwenye mataruma ya mbao, kila baada ya nusu mita. Hapa kuna somo kutoka kwa reli ya TAZARA inayopita Makambako. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,067 kuanzia Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kama upana ungebadilika njiani, treni isingepita. Reli ya kamera nayo iwe na upana mmoja mwanzo hadi mwisho, hata kama ni sentimita 50 tu. Fundi akate kipimo kimoja cha mbao na kukitumia kwa kila taruma, badala ya kupima upya kila mara.

Kigari ni kipande cha plaiwudi nene cha mraba wa sentimita 60. Kila kona huwekwa magurudumu mawili, hivyo jumla yake ni manane. Magurudumu hayo hufungwa kwenye chuma cha pembe, kile kinachotumika kutengenezea fremu za mageti, ili kila jozi ikae kama herufi V. Moja likanyage bomba upande wa juu kushoto na lingine upande wa juu kulia. Moja litangulie kidogo ili yasigongane. Kwa mpangilio huo kigari hakiwezi kuchomoka relini.

Magurudumu ya viatu vya kuteleza yakipatikana kwenye mitumba ndiyo bora, kwa kuwa ni laini na hayana kelele. Yakikosekana, beringi namba 608 zinaweza kutumika. Tundu lake ni milimita 8 na upana wake wa nje ni milimita 22, hivyo boliti ya milimita 8 hutosha. Ubaya wake ni kwamba chuma hukwaruza plastiki na kutoa sauti ambayo kamera huinasa.

Mbao mbichi ni hasara

Kosa linaloweza kuharibu kazi yote ni kununua mbao ya paini iliyotoka kupasuliwa. Mbao hiyo ina maji mengi, na ikikauka hujikunja, nayo reli hupinda. Kwa hali ya ubaridi na mvua ya Njombe, mbao hukauka polepole. Ni vyema kuchagua mbao kavu isiyo na vifundo, na kabla ya kulipa kuitazama kwa urefu kutoka nchani ili kuona kama imenyooka. Mbao mbichi zipangwe kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite, zikandamizwe kwa uzito na kuachwa kwa wiki kadhaa.

Hesabu kabla ya kununua

Mjasiriamali ajiulize kwanza kama reli itaongeza mapato. Kwa mfano, kama vifaa na ufundi vitagharimu Sh150,000 na mteja akakubali kuongeza Sh15,000 kwa ajili ya picha hizo, reli itarudisha fedha yake baada ya kazi 10. Mwenye sherehe mbili kwa mwezi atasubiri miezi mitano. Kama wateja hawako tayari kuongeza chochote, faida pekee itakuwa kupata kazi nyingi zaidi, na hiyo haina uhakika.

Usafiri nao uingizwe kwenye hesabu. Reli ya mita 3 ni usumbufu kwenye bodaboda au basi. Inaweza kukatwa vipande vya mita moja na nusu na kuunganishwa kwa kipande cha mbao ya mviringo kinachoingia ndani ya bomba. Lakini maungio yasipolingana sawasawa, kamera hudunda kila kigari kinapopita. Ni bora kufanya majaribio ukitumia simu kabla ya siku ya kazi.

Matumizi

Reli ilazwe mahali palipo sawa, na penye bonde pawekwe vipande vya mbao chini ya mataruma. Kigari kisukumwe taratibu. Lenzi isivutwe karibu, kwa sababu kuvuta picha hukuza kila mtikisiko. Mbele ya kamera kuwe na kitu cha karibu, kama maua ya mezani, ili mwendo uonekane.

Aidha, reli isiwekwe kwenye njia ya wageni, hasa watoto, na stendi ifungwe kwenye kigari. Kamera ikianguka, gharama yake inaweza kumeza mapato ya kazi nyingi.

Reli haifai kila mahali. Msafara wa maharusi wanaotembea au kucheza unahitaji kamera ya mkononi. Lakini kwa mpiga picha anayefanya kazi kumbini na kanisani, mbao kavu, bomba moja na fundi makini vinaweza kuipa kazi yake sura mpya bila mkopo.