Elimu ya Ubongo Yataka Warithi

Ndugu msomaji, asubuhi moja watoto walipokuwa wakidurusu juzuu zao katika chuo chetu hapa Same, mwanafunzi mmoja wa miaka kumi na mmoja alianguka ghafula. Viungo vikakakamaa, macho yakapinduka, na povu likamtoka kinywani. Wenzake wakakimbilia mlangoni, na mmoja wao akapiga ukelele kwamba asiguswe, kwani mate yake huambukiza. Nami nakiri bila kuficha kwamba nilisita kabla ya kumwendea. Baada ya dakika tatu hivi alitulia, akalala usingizi.

Jioni ile baba yake akanijia. "Mwalimu," akasema, "mtoto nitamtoa chuoni, na skuli pia nitamtoa. Ana jini huyu, na mimi sitaki watu wamtazame." Nikamjibu, "Ndugu yangu, nakuomba siku moja tu. Twende naye hospitali kwanza, kisha uamue." Alinyamaza muda mrefu, akakubali.

Huko hospitali daktari alitushangaza kwa maswali yake. Aliuliza mtoto alizaliwaje, na je, alichelewa kulia alipozaliwa? Je, aliwahi kuugua malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo? Je, aliwahi kuanguka akaumia kichwa? Kisha akauliza habari za choo cha nyumbani, na kama mboga zinazoliwa mbichi huoshwa. Akauliza pia kama jirani wanafuga nguruwe. Hapo baba alikunja uso, akasema, "Daktari, sisi ni Waislamu, nguruwe hatumgusi." Daktari akamjibu kwa upole kwamba ndiyo sababu anauliza, maana watu wengi hudhani hivyo.

Akatueleza kwamba yuko mnyoo aitwaye tegu, anayetokana na nguruwe. Anayekula nyama yake isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Lakini mayai ya mnyoo huo hutoka katika choo cha mtu huyo, yakaingia katika maji, katika mboga na katika mikono isiyooshwa. Atakayeyameza mayai hayo, hata kama hajapata kuonja nguruwe maisha yake yote, huweza kupata vifuko vya mnyoo ndani ya ubongo, na vifuko hivyo huleta kifafa. Jambo hili limethibitishwa hata mbali na kwetu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba ugonjwa huo umeonekana mjini New York katika nyumba za Mayahudi washika dini, ambao nao hawali nguruwe. Basi kujizuia na haramu kwatulinda na nyama yenyewe. Na choo safi, maji safi na mikono iliyooshwa vyatulinda na mayai.

Tuliporudi nilijiuliza: daktari yule alijua wapi kuuliza maswali hayo? Hakuyazua asubuhi ile. Kila swali lilikuwa na watu nyuma yake waliolitafuta kwa miaka mingi, na wengi wao walilitafuta katika nchi yetu hii.

Yafaa kwanza tufahamu kifafa ni nini. Ubongo wa mwanadamu una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, nazo huzungumza kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari wa Ujerumani, Hans Berger, aliweza kwa mara ya kwanza kuunasa umeme huo kutoka katika kichwa cha mtu na kuuandika katika karatasi. Chembe hizo zikipiga umeme kwa pamoja pasipo utaratibu, mwili huanguka. Hili wataalamu wetu wa kale walilikaribia, kwani Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha tiba alikiweka kifafa miongoni mwa maradhi ya kichwa na ubongo.

Tuje sasa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Tanganyika daktari mwanamke kutoka Norway, jina lake Louise Jilek-Aall. Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, aliona wenye kifafa wametengwa. Watu waliogopa mate yao, hata aliyeangukia motoni aliachwa akaungua. Akafungua kliniki, akawapa dawa ya fenobabitoni, na wengi wakapata nafuu. Pamoja na kutibu, aliandika. Aliandika hata habari za watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miaka ikapita. Ugonjwa kama huo ulipowashika watoto wengi wa Sudan Kusini na Uganda ya kaskazini, wataalamu walirudi kuyasoma maandishi ya Mahenge. Leo uchunguzi mwingi waonyesha kwamba una uhusiano na usubi, ugonjwa uletwao na nzi wadogo wa mitoni. Jinsi unavyoudhuru ubongo bado wanaitafuta.

Kadhalika huko Haydom, wilaya ya Mbulu, daktari Andrea Winkler pamoja na wenzake waliwapiga wenye kifafa picha za ndani ya kichwa, wakaviona vifuko vya tegu katika bongo za baadhi yao. Na wilayani Hai, katika mkoa wetu huu wa Kilimanjaro, kazi ilifanywa nyumba kwa nyumba ili kuwatafuta wenye kifafa. Ilionekana kwamba karibu watu wawili katika kila watatu hawakuwa wakitumia dawa ya hospitali. Fikiri, ndugu msomaji: dawa ya kifafa imekuwapo tangu mwaka 1912, tena ni rahisi, na bado mgonjwa anafichwa chumbani!

Lakini elimu haisimami kwa mtu mmoja. Sisi walimu wa chuo twalijua hili, kwani kila mwalimu alipokea kwa mwalimu wake, naye atampokeza mwanafunzi. Mnyororo ukikatika, elimu hupotea hata kama vitabu vimejaa rafuni. Elimu ya ubongo nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2006 mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika Haydom. Wakati huo wapasuaji wa ubongo katika Tanzania nzima walikuwa wakihesabika kwa vidole. Aliona kwamba yeye akipasua peke yake, siku ya kuondoka kwake ataondoka na ujuzi wake. Basi akamfundisha daktari msaidizi wa hapo, Emmanuel Mayegga, naye Mayegga akamfundisha mwenzake. Ujuzi ukabaki pale pale palipo na wagonjwa.

Katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, daktari William Howlett kutoka Ireland alifundisha kwa miaka mingi maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Mwaka 2012 alitoa kitabu kizima kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, nacho huweza kupatikana bila malipo. Wanazuoni wa ubongo wa Afrika nao waliunda chama chao Nairobi mwaka 1993, kiitwacho SONA. Hukutana kila baada ya miaka michache, na mwaka 2017 walikutana Entebbe. Hapo kijana mchunguzi husimama mbele ya wakubwa wake, akaeleza alichokiona, akasahihishwa, akarudi na elimu zaidi.

Pengine kijana atasema, "Mwalimu, hayo yataka mashine za mamilioni." La! Mwaka 2011 huko Ishaka, magharibi ya Uganda, mwalimu Sadiq Yusuf pamoja na wenzake wa kutoka Ulaya walianza kuwafundisha vijana wa Afrika uchunguzi wa ubongo kwa kutumia vijinzi vya matunda, hivi hivi vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni kwetu. Kijinzi hicho hukua toka yai hata kuwa mzima katika siku kumi hivi, chakula chake ni rahisi, na mambo mengi ya urithi wa mwili wake yanafanana na yetu. Mwenye macho ya kutazama na subira ya kuandika amekwisha pata nusu ya vyombo.

Basi yatupasa nini sisi wazazi? Kwanza, tusimfiche mgonjwa. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyekuwa akiangushwa na kifafa. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kumwomba dua, naye hakufukuzwa wala hakuaibishwa, alisikilizwa, akapewa bishara ya Pepo kwa subira yake. Na Ibn Abbas baadaye alikuwa akimwonyesha kwa heshima. Ikiwa Mtume hakumtenga, sisi ni nani hata tumtenge? Dua na tisome, wala dua haikatazi dawa.

Pili, mtu akianguka, tumlaze ubavu, tumwekee kitu laini chini ya kichwa, tumwondolee vyenye kudhuru. Tusimtie kijiko kinywani wala tusimbane viungo. Mate yake hayaambukizi. Ikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali upesi. Na dawa aliyopewa isikatwe ghafula kwa kuwa amepata nafuu, maana kuikata humrudishia ugonjwa kwa nguvu.

Tatu, watoto wetu, wa kiume na wa kike, tuwaache wasome sayansi. Njia ni ndefu: fizikia, kemia na baiolojia hata kidato cha sita, kisha miaka mitano ya udaktari na mmoja wa mazoezi, kisha mitatu au zaidi ya ubingwa. Lakini si wote watakuwa madaktari. Uchunguzi wahitaji muuguzi, fundi wa maabara, mjuzi wa hesabu, na yule kijana wa kijiji anayebisha hodi nyumba kwa nyumba akiuliza kwa adabu na kuandika kwa uaminifu. Ukweli wake ukiwa na kasoro, kazi ya mabingwa yote huharibika.

Wazee wetu katika milima ya Upare walichimba ndiva. Maji ya chemchemi hujikusanya humo usiku, na asubuhi hufunguliwa, yakashuka katika mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Wengi waliochimba hawapo tena, lakini mashamba yangali yakinyweshwa. Na ndiva isiyosafishwa na walio hai hujaa tope. Elimu ya ubongo iliyokusanywa Mahenge, Haydom na Hai ni ndiva yetu. Yataka watu wa kuisafisha na kuiongeza.

Na yule mwanafunzi? Humeza vidonge vyake kila siku, mama yake akimkumbusha. Kwa mwaka mzima ameanguka mara mbili tu. Chuoni amerudi, na skuli amerudi. Juzi baada ya somo alibaki nyuma, akaniuliza, "Mwalimu, daktari alijuaje kitu kilicho ndani ya kichwa changu bila kukifungua?"

Nilimwambia nilichokijua, nacho ni kidogo. Kilichobaki nilimwambia akakitafute mwenyewe, kisha aje anifundishe.

Wabillahi tawfiq.