Mwaka wa Kusoma Ng'ambo: Tuulize Nini Kabla Mtoto Hajafunga Mizigo?



Ndugu wasomaji, kila majani yanapoanza kupukutika hapa London, karatasi moja huingia katika nyumba zetu nyingi. Kijana aliyekwisha kuanza chuo kikuu huiweka mezani baada ya chakula cha usiku, akaeleza kwamba mwakani chuo kitampeleka kusoma nchi nyingine, naye hana budi kuchagua pa kwenda kabla muhula haujamalizika. Baba huuliza: "Sisi tumehama kwetu ili wewe usome huku; sasa waondoka huku ukasome wapi tena?" Mama hunyamaza, akawaza chakula, maradhi na upweke wa mwanawe.

Maswali hayo yana haki ya kuulizwa. Hata hivyo, kusafiri kwa ajili ya elimu si jambo geni kwetu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa tayari kadhi Unguja alipofunga safari za elimu hadi Istanbul, Makka na Hadhramaut. Na katika zama zilizo karibu nasi, Profesa Ali Mazrui wa Mombasa alipata shahada yake ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili New York mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Kinachotutatiza sisi si safari yenyewe, bali ni kuipanga tukiwa wageni katika nchi ambayo taratibu zake hatukuzaliwa nazo.

NIA KWANZA, MJI BAADAYE

Wanaosomea Kiarabu katika vyuo vya Uingereza aghalabu hupelekwa katika nchi ya Kiarabu mwaka wa pili au wa tatu. Kabla ya mwaka 2011 wengi walikwenda Damascus. Vita vya Syria vilipozuka, Amman ukawa mmoja wa miji iliyowapokea. Familia zetu, hata hivyo, huanza kwa kuuliza: "Tuna jamaa wapi?" Na jibu huwa jepesi: Maskati.

Binti mmoja tunayemfahamu alikwenda huko kujifunza Kiarabu, akafikia kwa shangazi yake. Alipokewa kwa mapenzi, akala urojo na mkate wa kumimina kila Ijumaa, na nyumba nzima ikizungumza Kiswahili asubuhi hadi usiku. Aliporudi London, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata bibi yake akafurahi, lakini mwalimu wake wa Kiarabu hakufurahi hata kidogo. Oman haikuwa na kosa, wala shangazi. Lugha aliyoifuata ilikuwa nje ya mlango, naye alikaa ndani. Angeweza kulala bweni siku za masomo na kwenda kwa shangazi mwisho wa wiki.

Kwa upande mwingine, wako watoto wetu wanaosikia Kiswahili nyumbani na kujibu kwa Kiingereza, wasioweza kuandika barua moja kwa babu yao. Chuo cha SOAS, kilichoasisiwa hapa London mwaka 1916, kina historia ndefu ya kufundisha lugha yetu, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichofungua milango yake mwaka 2001, hufundisha Kiswahili kwa wageni. Kwa kijana wa namna hii, nyumba ya bibi Unguja ni darasa la pili. Jamaa wale wale ambao ni kikwazo kwa mmoja ni msaada kwa mwingine. Kinachotofautisha ni nia.

HATI KABLA YA TIKITI

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hatuioni. Kijana mmoja wa jamaa zetu alikuwa na ukaazi wa kudumu, na alikwisha kutimiza masharti ya kuomba uraia. Ilikuwa Septemba, akasema ataomba atakaporudi. Alikaa ng'ambo miezi kumi, akarejea mwanzoni mwa Julai. Ndipo alipoelezwa kwamba anayeomba uraia kwa njia ya kawaida asiwe amekuwa nje zaidi ya siku 90 katika miezi 12 ya mwisho, wala zaidi ya siku 450 katika miaka mitano. Alilazimika kungoja hadi Aprili ya mwaka uliofuata, na nafasi ya kazi iliyotaka raia ikampita. Sisi tuliokuwa tukimshauri tulimwuliza habari za makoti na dawa za mbu. Habari za hati hatukumwuliza.

Basi tujifunze kwake. Aliyekwisha kustahiki uraia aombe kabla ya kuondoka. Mwenye ukaazi wa kudumu akumbuke kwamba kwa kawaida huupoteza akikaa nje miaka miwili mfululizo. Mwenye ruhusa ya muda aulize mapema zaidi, kwa kuwa katika njia nyingi kutokuwapo zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 huweza kukatiza hesabu yake ya miaka. Na wenye hati ya kusafiria ya mkimbizi, kama walivyo baadhi ya ndugu zetu, hawawezi kuitumia kwenda katika nchi waliyoikimbia. Maswali haya hujibiwa na wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, si na jirani, wala si na sisi.

FEDHA NA RIBA

Familia nyingi hukimbia mkopo wa serikali kwa sababu ya riba. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu utaratibu mbadala wa fedha usio na riba, lakini miaka imepita bila ya kuanzishwa. Wazazi wanaolipa ada kutoka mifukoni mwao wajue kwamba kwa anayesoma ng'ambo mwaka mzima, kiwango cha juu cha ada ya chuo cha hapa ni asilimia 15 tu ya ada ya kawaida.

Tena kuna fedha zisizorudishwa. Mpango wa Turing, ulioanza mwaka 2021 baada ya Uingereza kujitoa Erasmus, hutoa ruzuku kupitia vyuo, na wenye kipato kidogo huongezewa, hata gharama za viza na bima. Upo pia msaada wa nauli wa serikali kwa familia za kipato cha chini, ingawa sehemu ya mwanzo ya gharama hujilipia mwanafunzi. Desemba 2025 ilitangazwa kwamba Uingereza itarejea Erasmus mwaka 2027. Fedha hizi haziji zenyewe: kijana aulize ofisi ya chuo inayoshughulikia masomo ya nje, mapema.

BINTI NA MWANA WA KIUME

Tumeona nyumba ambazo mwana wa kiume huruhusiwa kwa neno moja, na dada yake hukataliwa kwa neno moja. Rai yetu ni kwamba wote wawili waulizwe maswali yale yale: utalala wapi na nani, utakula nini, utaswali wapi, ukiugua atakushika nani? Mara nyingi binti huwa ameshayajibu kwa maandishi, na kaka yake hajayafikiria. Na wote wasome maonyo ya Ofisi ya Mambo ya Nje. Anayekwenda mahali ilipoonya pasiendewe huweza kuikosa bima yake.

Ndugu wasomaji, ushauri wetu ni mwepesi: karatasi ile ikifika mezani, msiijibu usiku ule ule. Kaeni kikao siku ya mapumziko, baba, mama na kijana, mkiwa na pasipoti, kalenda na kalamu. Mwulizeni kwanza anataka kurudi na nini. Akishajibu hilo, kuchagua mji kutakuwa kazi nyepesi. Mipango, walisema wazee wetu, si matumizi.

Wabillahi tawfiq.